Wimbo wa Jirani wa Mwanatumu

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni wajukuu zangu, na mwache kusukumana. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani, katika kijiji kilichokaa ukingoni mwa msitu, palikuwa na mjane aitwaye Mwanatumu. Mumewe alifariki, na binti yake akafuata, akamwachia mjukuu wa kike, ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Jina lake Mize.

Mwanatumu alilima peke yake, akatwanga peke yake, akachota maji peke yake. Mali yake ilikuwa kuku mmoja, kishingo, yule asiyekuwa na manyoya shingoni.

Basi Kishingo akataga, akaatamia, akaangua. Uani pakajaa vifaranga, na Mize akawa anashinda nao mchangani. Mwanatumu akawatazama akasema moyoni, "Wakikua hawa, mtoto huyu hatalala na njaa."

Mwaka huohuo akahamia jirani. Alikuwa mzee mpole, jina lake Kirungu. Alivaa kanzu safi, na kilemba chake kilishuka nyuma mpaka kikafunika kisogo. Hata kwenye joto kali hakukivua. Alikuja na mbwa watatu. Wa kwanza aliitwa Sijui, wa pili Sikuona, wa tatu Sikusikia.

Siku moja, jua likiwa la utosi, Mwanatumu alirudi kutoka shambani mgongo unamuuma. Akakaa kibarazani kuwalinda vifaranga. Mara akasikia wimbo ng'ambo ya ua, kwa sauti nyororo:

*Lala, mama, lala,*
*mchovu hana lawama,*
*wanao nitawatazama.*

Macho yakawa mazito. Ilikuwa siku nyingi hajaambiwa neno la upole. Akasinzia.

Alipozinduka, uani palikuwa na manyoya tu. Kishingo alikuwa akizunguka anaita, ko, ko, ko, na hapakuwa na wa kumwitikia.

Mwanatumu akaenda kwa jirani akapiga hodi.

"Mzee Kirungu, vifaranga wangu wameliwa, na nyayo za mbwa zinatoka kwangu zinakuja kwako. Nani amewala?"

"Sijui," akasema mzee. Mbwa mmoja akainua kichwa.

"Hukuona kitu?"

"Sikuona." Mbwa wa pili akatikisa mkia.

"Wala hukusikia?"

"Sikusikia." Wa tatu akajilamba mdomo. Mzee akasema, "Pole sana, mama. Labda ni kipanga."

Mwanatumu akarudi nyumbani, akalia, akafagia manyoya.

Basi Kishingo akataga tena, akaatamia, akaangua. Safari hii Mwanatumu alikwenda msituni akakata miiba ya mkwamba, akazungushia ua wote mpaka mikono ikatoka damu. Akakaa kibarazani kulinda. Jua lilipofika utosini, wimbo ukaja:

*Lala, mama, lala,*
*mchovu hana lawama,*
*wanao nitawatazama.*

Akasinzia. Alipozinduka, chini ya miiba pamefukuliwa shimo, na uani pana manyoya tu. Akaenda kwa jirani. Sijui, sikuona, sikusikia. "Pole sana, mama. Labda ni kicheche."

Safari hii alilia kidogo tu. Wanawake kisimani wakamwambia, "Ni kuku tu, Mwanatumu." Naye akaitikia, "Ndiyo, ni kuku tu," akajitwika mtungi wake akaondoka.

Aliporudi akamkuta Kishingo amekwisha kuanza kutaga tena. Mwanatumu akaweka mtungi chini.

"Shuka hapo," akamwambia. "Unawaangulia mbwa chakula."

Zamani hizo kuku walisema. Kishingo akajibu, "Nimesikia."

"Basi shuka."

"Wale niliwalilia, na bado nawalilia. Lakini haya mayai hayajamkosea mtu, na yana baridi."

Mwanatumu akamletea maji ya kunywa, akakaa chini karibu naye. Wote wawili walikuwa wamechoka.

Basi vifaranga wakaanguliwa mara ya tatu. Mwanatumu akawafunika na tenga, akaweka jiwe juu yake, akakaa kwenye kigoda kando ya tenga, mchi mapajani. Akambeba Mize mgongoni ili uzito wa mtoto usimwache alale. Lakini alikuwa ametoka kupalilia tangu alfajiri, na kabla ya hapo alitwanga, na kabla ya hapo mtoto alikuwa na homa. Jua lilipofika utosini, wimbo ukaja.

*Lala, mama, lala...*

Akasinzia. Alipozinduka, jiwe limebingirishwa, tenga liko kichwa chini, na mchi bado uko mapajani mwake. Hakulia. Aliona manyoya mepesi yamedondoka njiani, akayafuata mpaka nyuma ya nyumba ya jirani. Hakupiga hodi. Akachungulia penye ufa wa ua.

Wajukuu zangu, aliona nini?

Mzee Kirungu alikuwa ameketi, amempa mgongo, na kilemba kiko chini. Kwenye kisogo chake palikuwa na kinywa cha pili, kipana, kimeachama, na meno kama ya msumeno. Mbwa walikuwa wakimpanda mgongoni mmoja baada ya mmoja, wakitia vifaranga humo. Na kinywa cha mbele kilikuwa bado kinaimba taratibu, lala, mama, lala.

Kumbe jirani ni zimwi.

Naye, bila kugeuka, akasema, "Mtoto wako ananenepa, mama. Siku ukichoka kumbeba, mlete kwangu."

Mwanatumu akakimbia. Hakusimama mpaka kwa Bi Sikudhani, mwanamke wa nyumba ya tatu, ambaye walikuwa wakisalimiana naye tu kisimani. Akamweleza yote, akingoja kuchekwa.

Bi Sikudhani hakucheka. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, akamwonyesha banda. Halikuwa na kuku hata mmoja.

"Mimi pia niliimbiwa," akasema.

"Mbona hukusema, dada yangu?"

"Ningesema nini? Kwamba nilikaa kulinda nikalala? Niliona haya."

"Na mimi niliona haya," akasema Mwanatumu.

Wakaenda nyumba iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Kila mlango walioubisha, mwenyewe aliinamisha kichwa kwanza, kisha akasema. Kila mmoja alikuwa ameimbiwa. Kila mmoja alikuwa amefagia manyoya akanyamaza. Hata wale waliosema ni kuku tu.

Basi wakashauriana. Bi Sikudhani akasema, "Wimbo ule unamshika aliyechoka. Na sisi kila mmoja analinda akiwa amechoka, kwa sababu analinda peke yake. Tukusanye kuku wote uani kwa Mwanatumu. Wengine watakwenda shamba, wengine walale tangu asubuhi, walale kweli, bila kuamshwa na mtoto wala na mume."

Wakafanya hivyo. Kuku waliosalia kijijini wakaletwa, na vifaranga wachache waliosalia wakaja nao. Jua lilipofika utosini, wimbo ukaanza ng'ambo ya ua.

*Lala, mama, lala,*
*mchovu hana lawama,*
*wanao nitawatazama.*

Waliotoka shamba wakasinzia palepale, Mwanatumu akiwa mmoja wao. Lakini wale waliolala asubuhi hawakusikia sauti nyororo. Walisikia mzee anakoroma maneno, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Wakajibanza nyuma ya kinu, michi mikononi.

Akaingia Sijui. Mchi ukashuka, na kule ng'ambo zimwi likapiga ukelele. Akaingia Sikuona. Mchi ukashuka, zimwi likapiga ukelele. Akaingia Sikusikia. Mchi ukashuka, na zimwi likaanguka likanyamaza, maana uhai wake ulikuwa ndani ya mbwa wake.

Wimbo ulipokatika, Mwanatumu akaamka. Wakaenda wote, wakalikuta limelala kifudifudi, kinywa cha kisogo kimefumba. Wakakipanua kwa mti. Walikuwa wamesikia kwa bibi zao kwamba zimwi likifa, vilivyoliwa hutoka vizima.

Wakangoja. Yalitoka manyoya tu, yamelowa.

Hapo ndipo Mwanatumu alipolia kilio alichokuwa amekiweka. Na wenzake wakalia, kila mmoja kwa ajili ya wake, na hakuna aliyesema ni kuku tu. Wakayakusanya manyoya kwenye ungo, wakayafukia shambani kwa Mwanatumu, katikati ya mihogo.

Waliporudi, Bi Sikudhani akamchukua Mize kutoka mgongoni mwa nyanya yake.

"Kalale," akasema.

"Nimesinzia muda si mrefu."

"Ule haukuwa usingizi. Kalale ndani, kitandani."

"Na vifaranga?"

"Niko hapa."

Mwanatumu akaingia ndani, akajilaza, akavuta kanga juu ya kichwa. Akalala mpaka jua likatua. Hakuota kitu.

Kishingo alitaga tena, akaatamia, akaangua. Sitawadanganya kwamba wote walikua. Mmoja alichukuliwa na kipanga, kipanga wa kweli. Mwingine alikufa kwa baridi ya masika. Mwanatumu aliumia kwa kila mmoja, na siku aliyoumia alikwenda kwa Bi Sikudhani akasema, naye akasikilizwa. Waliobaki wakakua, wakawa majogoo na matetea, na Mize akala mayai.

Na zamu ile hawakuiacha. Mpaka leo katika kijiji kile, ukimkuta mwanamke amelala mchana kibarazani, ukitazama vizuri utamwona mwenzake amekaa karibu, macho kodo.

Hadithi yangu imefika hapo, nayo imechoka kama mimi, imeketi. Ikiwa njema tugawane wote, ikiwa mbaya niachieni mimi niliyeileta. Nanyi wajukuu zangu shikeni hili: anayelinda peke yake huchoka, na akichoka, zimwi hushiba. Ukipatwa na hasara usione haya kusema, na ukimwona mwenzio amechoka, mshikie zamu.