Tusi Moja la Somoe

Hapo zamani, zamani ile ya watu kuogopa barua kuliko simba, palikuwa na mji uitwao Namkongo, na katika mji huo palikuwa na msusi jina lake Somoe. Mikono yake ilikuwa myepesi na mdomo wake mwepesi zaidi. Mwanamke akisukwa na Somoe aliondoka na mistari kichwani na mbavu zikimuuma kwa kucheka.

Siku moja ikaja habari kwamba Sultani ameingia vitani na jirani yake wa ng'ambo ya mto. Mto wenyewe ulikuwa mwendo wa siku kumi na mbili kutoka Namkongo. Hata hivyo, Liwali Nassoro alijifunga upanga, akasimama sokoni, akasoma Sheria ya Hatari.

Watu wasikusanyike zaidi ya watano. Kwa nini? Kwa sababu ya vita. Mtu asisome wala asizungumze habari za vita. Kwa nini? Kwa sababu ya vita. Atakayesikia neno baya asilipeleke kwa Liwali, atafungwa pamoja na aliyelisema. Kwa nini? Kwa sababu ya vita. Na Liwali anaweza kumfunga mtu yeyote bila kesi mpaka vita viishe, na vita vitakuwa vimeisha siku Liwali atakapotangaza kwamba vimeisha. Hapo hakuna aliyeuliza kwa nini.

Liwali akanogewa. Akapiga marufuku ngoma, maana adui angezisikia. Akapiga marufuku miluzi, maana huenda ni ishara. Akapiga marufuku kucheka mbele ya nyumba yake, maana alikuwa na tumbo kubwa na alijua watu wanacheka nini.

Mwezi wa sita wa vita, Somoe alikuwa akimsuka shoga yake Asumini, mke wa muuza chumvi, aliyekuwa na mtoto mchanga mapajani. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Somoe akashusha chanuo, akasema:

"Shoga, vita hivi vya Liwali ni kama mimba ya kusingizia. Kila mwezi tunaambiwa inakua, tunakatazwa kupiga kelele, na hakizaliwi kitu."

Akainuka, akajishika kiuno, akatembea kama tumbo la Liwali linavyotembea. Asumini alicheka mpaka mtoto akaachia ziwa. Halafu akaacha kucheka ghafla. Akajifunga kanga kichwani, nusu imesukwa, nusu haijasukwa, akasema anakwenda kuangalia chungu chake motoni.

Hakwenda kwenye chungu.

Kabla ya adhuhuri, askari wawili wakasimama mlangoni kwa Somoe.

"Nimeiba?" akauliza.

"Hukuiba."

"Nimempiga mtu?"

"Hukumpiga."

"Sasa?"

Askari mmoja akamtazama mwenzake, akasema, "Umevunja moyo wa vita."

"Na huo moyo ulikuwa umekaa wapi hata nikaukanyaga?"

Na hilo nalo likaandikwa.

Somoe akafungiwa katika ghala la zamani la ufuta. Hakupelekwa kwa hakimu, kwa kuwa kesi haikuwapo. Kila alipouliza atatoka lini, jibu lilikuwa moja: vita vikiisha. Mwezi wa tatu wa kifungo mama yake akafa. Somoe akaomba aende akamwoshe na kumuaga, kisha atarudi ghalani kwa miguu yake mwenyewe. Wakamjibu kwamba waliomo msibani wametimia watano, naye angekuwa wa sita.

Akachungulia kwenye tundu la ukuta. Aliona jeneza likipita, limebebwa na wanaume wanne, na nyuma yao mwanamke mmoja aliyejitanda kanga mpaka puani. Nyuma ya mwanamke huyo hapakuwa na mtu. Na marehemu mama yake alikuwa mkunga aliyezalisha nusu ya mji!

Siku hiyo Somoe hakulia. Alianza kutunga tusi.

Alilitunga polepole, kama anavyosuka nywele ngumu: analivuta, analigawa, analibana. Akipata neno kali aliliweka. Akipata kali zaidi, alilitupa la kwanza. Lilianzia kwenye kisigino cha mtu, likapanda magotini, likapumzika kidogo kiunoni, likaenda kuishia kwa bibi mzaa bibi. Miezi minane alilifanyia kazi. Panya wa ghala walilisikia likitungwa, wakahama.

Basi Ijumaa moja jeshi la Sultani likafika Namkongo likiwa njiani kurudi kwao. Liwali akawatuma askari wake wawili wakalikamate jeshi zima kwa kosa la kukusanyika zaidi ya watano. Kamanda akacheka, tena mbele ya nyumba ya Liwali.

"Vita gani? Viliisha mwaka jana, mtama ukivunwa! Sultani na jirani walipatana, wakaozana watoto. Hamkupata barua?"

Macho yote yakamgeukia Karani Mfaume, mtunza barua za Liwali. Mfaume akafungua sanduku. Barua ilikuwamo, muhuri haujavunjwa. Ilifika Somoe akiwa na mwezi mmoja tu ghalani. Mama yake alikuwa bado hai, mzima, anatwanga mpunga.

Somoe akatolewa ghalani siku hiyo hiyo, na Sultani akamleta hakimu. Somoe akasimama mbele yake sokoni, akadai haki yake. Hakimu akaisoma Sheria ya Hatari mpaka mstari wa mwisho, na mstari wa mwisho ulisema hivi: aliyefanya jambo lolote chini ya sheria hii kwa nia njema hashtakiwi wala hadaiwi fidia.

"Mliwahi kuisoma mpaka huku?" akauliza hakimu.

Hakuna aliyewahi kufika huko.

Hakimu akaingiza kidole chini ya kilemba, akajikuna. "Mama, mikono yangu imefungwa. Lakini sheria haikusema kwamba mtu hatukanwi. Nakupa tusi moja, kwa mtu mmoja, hapa hapa mbele ya watu. Atakayetukanwa atasimama alipokee lote. Hajibu, hanuni, na hakuna kumpa pole mpaka jua lizame."

"Miezi kumi na moja, tusi moja?"

"Na hapo nimejitahidi."

Somoe akalimeza lile tusi mpaka chini, lipate nafasi ya kuruka. Akamtazama Liwali.

"Siyo mimi," akasema Liwali Nassoro. "Sahihi ya kifungo chako ni yangu, sikatai. Lakini adui angeingia humu, mngeninyonga kwa kuwa sikufunga watu. Na siku niliposoma sheria, nani alipinga? Mji mzima ulipiga makofi. Wewe mwenyewe, Somoe, ulipiga kigelegele. Nakikumbuka. Kilikuwa kirefu kuliko vyote."

Somoe akajishika shavu. Ilikuwa kweli. Siku ile aliogopa, na kigelegele kilimtoka kama chafya. Akamgeukia Asumini.

"Siyo mimi, shoga," akasema Asumini, akilia. "Nilikuchongea, ndiyo. Lakini mtoto alikuwa na miezi minne. Ningenyamaza, tungeingia ghalani mimi na yeye. Tena maneno yako niliyapunguza, sikumwambia Liwali kwamba uliigiza tumbo lake." Liwali akageuka. Asumini akaendelea, "Na mama yako nilimwosha mimi. Yule mwanamke nyuma ya jeneza alikuwa mimi."

Somoe akalimeza tena tusi lake. Akamgeukia Mfaume.

"Siyo mimi," akasema karani. "Bahasha iliandikwa 'Habari za Vita', na habari za vita zilikatazwa kusomwa na kusemwa. Nilimwendea Liwali, nikamwambia kuna barua. Akauliza, 'Ya nini?' Ningejibu, ningevunja sheria. Nikanyamaza, akanifukuza. Ningeifungua mwenyewe, tungekuwa wawili ghalani."

"Tungekuwa wawili," akasema Somoe, "na mji ungekuwa huru."



Kutoka nyuma ya umati mtu akapaza sauti: "Mtukane Liwali!"

Somoe akauliza, "Nani huyo? Na wewe msiba wa mama ulikuwa wapi?"

Umati wote ukarudi nyuma hatua moja, kila mtu akijificha kwa mwenzake.

Somoe akajifunga kanga vizuri kiunoni, akavuta pumzi. Nasikia alilitoa, akalitoa lote, kisigino mpaka bibi mzaa bibi, na aliyelipokea hakuonekana sokoni kwa wiki tatu. Aliyenisimulia alicheka sana hata akashindwa kunitajia jina.

Sasa nawauliza nyinyi mnaocheka. Yuko Liwali aliyetia sahihi. Yuko Asumini aliyepeleka maneno na kumwosha maiti. Yuko Mfaume aliyekalia barua. Yuko yeyote mtakayemvuta kutoka kwenye umati ule uliopiga makofi, na Somoe mwenyewe na kigelegele chake yumo. Tusi ni moja, mtu ni mmoja. Je, nani alistahili?