Sinia la Wali wa Njano

Hapo zamani, wala si zamani ile ya fisi kwenda kuposa kwa mfalme, bali zamani hii ya juzijuzi ambapo watu walikuwa na simu ila mtandao hawana, palikuwa na kijiji kikiitwa Lwembe, katika bonde la mpunga. Lwembe walikula wali. Asubuhi kiporo cha wali, mchana wali, jioni wali. Mboga zilikuwepo, lakini zilikaa pembeni ya sahani kama mgeni asiyealikwa. Watoto walizisukuma kwa kidole, wakasubiri mama ageuke, wakamtupia mbuzi.

Watu wa Lwembe walijivunia weupe wa mchele wao. Ukifika kwa mtu, kabla hajabandika sufuria, atachota mchele kiganjani, atatoka nao juani akuoneshe. Nawe utainama, utautazama, utasema, "Meno ya mtoto!" Ndipo akupikie. Mchele wa njano ulikuwa na maana moja tu: mpunga ulionyeshewa mvua, ukalundikwa ghalani mbichi, ukaungua wenyewe kwa joto. Kumwonesha mgeni kiganja cha njano ni kumwambia arudi kwao. Posa zimevunjika hivyo.

Na walikuwa na desturi nyingine. Mbegu mpya ikikubalika bondeni, hupewa jina la mtu mmoja, yule ambaye watu wanaona ndiye aliyewafanya waipate. Kila sikukuu ya mavuno mtu huyo hutuliwa mbele yake sinia la kwanza la wali, kabla ya mwenyekiti, kabla ya sheikh, kabla ya padri. Akifa, hutuliwa mjukuu wake. Palikuwa na mpunga ukiitwa Bi Mwatumu, kwa bibi aliyeleta mbegu kwenye pindo la kanga, na mpunga ukiitwa Shemeji, kwa sababu aliyeuleta alikuwa shemeji wa kila mtu.

Sasa, mpishi wa shughuli zote za Lwembe alikuwa mwanamke mmoja, Sikuzani. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama kasia, na ulimi wake haukupungua sana. Hakuogopa kitu, isipokuwa magharibi.

Aliogopa magharibi kwa ajili ya mjukuu wake, Zamoyoni. Mchana Zamoyoni alikimbia kama watoto wengine. Jua likianza kuzama, alikwenda kukaa kizingitini, akashika mwimo wa mlango, hanyanyuki tena. Akinyanyuka anapiga teke ndoo, anakanyaga paka, anaingia ukutani. Wenzake wakamwimbia, "Kuku kaingia bandani!" Wakamwimbia mpaka nao, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kukaa vizingitini mwao.

Nesi wa zahanati alimtazama macho akasema, "Ni upungufu wa vitamini A, mama. Ukiachwa hivihivi, utafika siku hata mchana asione." Akampa matone, akasema mengine yanakuja. Yakawa yanakuja.

"Nilikwambia, wifi," alisema Havijawa, dada wa marehemu mume wake Sikuzani, ambaye aliuza mchicha, matembele, mapapai na viungo gengeni. "Nilikwambia tangu anaota meno. Mpe mboga za majani. Mpe papai."

"Nimpe wapi? Anafumba mdomo kama nampa sumu."

"Mfumbue."

"Njoo umfumbue wewe, una mikono miwili."

Basi, akaja daktari. Si daktari wa sindano. Daktari wa mbegu, kutoka kituo cha utafiti, jina lake Tusekile. Watu wakakusanyika. Akawaeleza, bila kuwaficha, kwamba mpunga wa kawaida hauna vitamini A ndani ya punje. Kwamba yeye na wenzake wamechukua chembe ya urithi kutoka kwenye mahindi na nyingine kutoka kwa bakteria wa udongoni, wakazipandikiza kwenye mpunga. Na kwamba mpunga huo sasa unatengeneza kile ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini.

"Kutoka kwenye mahindi?" aliuliza mzee mmoja. "Nikila, nitaota ndevu kama za muhindi?"

"Hapana, mzee."

"Maana ningezitaka. Zangu zimekataa."

Watu wakacheka, mambo yakaenda vizuri, na hapo ndipo daktari, mtoto wa watu, alipoharibu. Njiani alikuwa amedokezwa desturi ya kiganja, akataka kuonesha heshima. Akachota mchele wake, akatoka nao juani, akaunyoosha mbele ya kijiji kizima. Njano! Njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akajitanda kanga yake akaondoka. Wa pili akaondoka. Watu wakaondoka wote, polepole, kama wanaotoka msibani.

"Nimesema nini?" aliuliza Daktari Tusekile.

"Umesema yote," alijibu mwenyekiti. "Chukua mbegu yako, binti. Hakuna mtu wa Lwembe atakayeipanda hii."

"Nani kakwambia?" ilisikika sauti kutoka nyuma.

Alikuwa Ligombe. Ligombe, ukimwambia mvua inanyesha, anatoka nje bila mwavuli kukuonesha kuwa hujui. Akajitwika kile kifuko cha mbegu, akaenda kuipanda kando ya barabara, kila mtu aione. Mkewe akarudi kwao mpaka msimu uishe. Wapita njia wakaliita shamba la homa ya manjano. Ligombe akapalilia, akafukuza ndege, akavuna, akajaza ghala. Hakuna aliyekuja hata kuomba wa kuonja. Kuku wake tu ndio walionenepa.

Ndipo jioni moja Sikuzani akampigia hodi.

"Ligombe, nipe ule mchele wako."

"Uliooza?" Ligombe akauliza, akifurahia.

"Uliooza, ulioungua, uliolaaniwa. Nipe."

Alimpa gunia la kwanza. Nyumbani, Zamoyoni alitazama ungo, akafumba mdomo. "Bibi, huo umeharibika." Sikuzani alikuwa amejiandaa. Akakuna nazi, akakamua tui zito, akatia iliki na karafuu, akaufunika wali kwa makaa juu na chini mpaka harufu ikavuka ua na kuingia nyumba za watu. Kisha akapakua, akasema kwa sauti kavu ya mtu asiye na la kuficha, "Ni wali wa binzari. Chakula cha harusi za mjini. Kama hutaki, nawapa wenzako."

Zamoyoni akala, akalamba sahani. Wenzake nao wakaja kwa harufu, nao wakala. Kila mchana baraza la Sikuzani likajaa watoto, na kila alipoulizwa rangi ile, Sikuzani alijibu, "Binzari." Mara ya kwanza uongo ulimkwama kooni. Baadaye ulishuka wenyewe, kama wali.

Siku zikaenda. Magharibi moja Sikuzani yuko jikoni uani, anasikia sauti kutoka kizingitini:

"Bibi, yule kuku ana kidonda mguuni."

"Kuku gani?"

"Yule mweusi, pale chini ya karo la kuoshea vyombo."

Sikuzani akageuka. Jua lilikwisha kuzama. Yeye mwenyewe, mtu mzima, alimwona kuku kwa shida. Mguu hakuuona kabisa. Mwiko ukamponyoka. Zamoyoni alishuka kizingitini, akapita kati ya ndoo na paka, akamkamata kuku, akamleta mikononi. "Unaona?" alisema. "Mbona unalia sasa? Kidonda chenyewe kidogo."

Ikafika sikukuu ya mavuno. Sikuzani, kichwa kimevimba kwa furaha, akapika sufuria zote kwa mchele wa Ligombe. Kijiji kizima kikala wali wa binzari. Mwenyekiti aliongezwa, akaongezwa tena. Hata Daktari Tusekile, ambaye alipata habari za watoto kutoka kwa nesi na kuja kimyakimya kuchungulia, alikaa mwisho wa mkeka akitazama sahani yake bila kusema neno.

Aliyesema ni Havijawa.

"Wifi," aliita, kwa sauti ya kupita mikeka yote, "hapa Lwembe anayeuza binzari ni nani?"

"Wewe, wifi."

"Na tangu msimu uliopita umeninunulia vijiko vingapi?"

Sikuzani alikuwa amefikiria yote: tui, iliki, sauti kavu. Genge la wifi yake hakulifikiria.

"Hata kimoja," alisema Havijawa. "Sasa hii rangi unaitoa wapi?"

Midomo ilijaa wali, na hakuna aliyejua ameze au ateme. Mtu mmoja alitema, akaitazama sahani, akaendelea kula.

"Ni mchele wa Ligombe," alisema Sikuzani. "Ule wa daktari. Nimewalisha watoto wenu huo, na leo nimewalisha ninyi. Watoto sasa hawakai vizingitini. Nisuteni."

Wakamsuta, tena sana. Lakini kina mama walikuwa wameshaanza kumnong'oneza Ligombe juu ya mbegu, na mwenyekiti hakuwa mjinga wa kutoona tonge liko upande gani. Akapiga makofi. "Mbegu imekubalika," alisema. "Wenyewe mmeikubali kwa matumbo. Sasa ipewe jina. Nani anadai?"

Akasimama Daktari Tusekile. "Mimi. Nimekaa maabara miaka ya ujana wangu wote kwa ajili ya punje hii. Haikuwepo duniani, tuliitengeneza. Na sikumdanganya mtu, nilisema kila kitu juani. Bila mimi, Zamoyoni angekuwa bado kizingitini."

Watu wakasema, "Kweli."

Akasimama Ligombe. "Punje zake zilikuwa zinarudi mjini kwenye kifuko. Nani alizipokea? Mke wangu aliondoka. Nimetukanwa na watu ambao leo nawaona wanakwangua ukoko wangu. Bila mimi, Zamoyoni angekuwa bado kizingitini."

"Ulipanda ili mtoto aone," aliuliza mwenyekiti, "au ili mimi nionekane mwongo?"

"Ili wewe uonekane mwongo," alikiri Ligombe. "Lakini mpunga haukuuliza."

Watu wakasema, "Kweli."

Sikuzani hakutaka kusimama, ila miguu ilimsimamisha. "Ghala la Ligombe lilijaa na mtoto wangu haoni. Mchele ulikuwa unaliwa na kuku. Mimi ndiye niliyeutia mdomoni mwa watu. Nimesema uongo, ndiyo. Bila uongo huo, Zamoyoni angekuwa bado kizingitini."

"Na kuna jingine," alisema Daktari Tusekile, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa mkweli. "Ile vitamini haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Angeupika kwa maji matupu, faida ingekuwa ndogo. Lile tui la nazi limesaidia sana. Ulijua, mama?"

Sikuzani angeweza kusema alijua. Alimtazama mjukuu wake, akaona uongo mmoja unatosha. "Sikujua. Wali bila tui si chakula, ndiyo maana."

Watu wakacheka, wakasema, "Kweli."

Akasimama Havijawa, na hakucheka. "Mwenye ukweli hapa ni nani? Mimi nimepiga kelele ya mchicha na papai tangu watoto hawa wanatambaa. Vitamini hiyohiyo, imeota nyuma ya nyumba zenu, haihitaji maabara. Mkanisikia? Huyu kawadanganya, mkalamba sahani. Leo kawadanganya kwa wema. Kesho mwingine atawadanganya kwa lake, akitoa mfano wa leo. Mtamwambia nini?"

Hapo hakuna aliyesema kweli, kwa sababu ilikuwa kweli mno.

"Lakini, wifi," alisema Sikuzani taratibu, "mboga zako hawakula."

Ndipo Zamoyoni, aliyekuwa amekaa miguuni pa bibi yake, akasema, "Tulikula papai."

"Papai gani?"

"La bibi Havijawa. Alikuwa analikata analiacha dirishani, anatuambia tusiguse, ni la wakubwa tu. Tukishakula wali wako tulikuwa tunakwenda kuliiba. Sote. Kila siku."

Mikeka yote ikamgeukia Havijawa. Alikuwa anatengeneza kilemba chake kisichokuwa na kasoro.

"Wewe!" alisema Sikuzani. "Na ukweli wako wote huo!"

"Papai lilikuwa la wakubwa," alisema Havijawa. "Sikusema mkubwa wa umri gani."

Mwenyekiti akamgeukia daktari. "Binti, wewe umesoma. Kilichowaponya watoto ni wali au papai?"

Daktari Tusekile alifumba macho, kama mtu aliyekuta shamba la majaribio limeingiliwa na mbuzi. "Kila kimoja kinaweza," alisema. "Lakini wamekula vyote, watoto wote, siku zote. Kwa hawa siwezi kusema. Hakuna atakayeweza."

Kelele zilizofuata hapo ziliwaamsha hata waliolala kwa shibe. Ligombe akasema papai halina shamba kando ya barabara. Havijawa akasema basi mpunga uitwe Havijawa, ili kila mtu akila akumbuke mboga. Jua likazama wanabishana, hakuna aliyekumbuka kuwasha taa.

Mwisho mwenyekiti akachoka. Akapakua sinia la kwanza, lile la mwenye jina, akampa Zamoyoni. "Macho ni yako," alisema. "Mtulie anayestahili, na jina lake ndilo la mpunga."

Giza lilikuwa limeingia. Zamoyoni akanyanyuka na sinia kichwani. Akapita kati ya mikeka, akaruka mguu wa mzee asiye na ndevu, akakwepa ndoo, akamzunguka paka. Hakujikwaa. Sikuzani alimtazama akija, akagundua kwamba amesahau kulitaka lile sinia; kisha likamkaribia, harufu ya iliki ikampiga, akakumbuka.

Zamoyoni akasimama katikati. Huku daktari aliyeitengeneza mbegu, kule mbishi aliyeipanda, hapa bibi yake aliyedanganya akapika, na pale Havijawa aliyesema kweli asisikike, akadanganya akasikika. Aliwatazama mmoja mmoja, anawaona wote vizuri gizani. Na mimi hapo ndipo ninapomwacha, na sinia kichwani.

Msinitazame mimi, mimi nimeshakula. Je, amtulie nani? Semeni upesi, mtoto shingo inamuuma na wali unapoa.