Raya Mpika Halua na Ada za Jini Shamhudi

Wanasimulia wajuao habari za waliotutangulia, na Mungu ndiye mjuzi wa yote, kwamba mji wa Kashbari ulitawaliwa na Sultani Muhashamu bin Dhulfikari, mfalme mwenye adabu nyingi na usingizi mwingi zaidi, na katika milki yake yote hapakuwa na ajabu iliyoipita Nyumba ya Amana. Nyumba hiyo haikuwa na dirisha wala kufuli, na mlinzi wake alikuwa jini aitwaye Shamhudi, mwenye pembe tatu na kilemba safi, ambaye alifungwa kwa kiapo cha pete ya Nabii Suleimani azilinde mali za watu, na siku atakayochukua kisicho haki yake arudi katika chupa alimotoka. Basi nani angeogopa kuweka mali yake hapo?

Miongoni mwa walioweka alikuwamo binti mmoja, Raya, mpika halua. Miaka saba alikoroga wanga na samli na iliki juu ya moto, jasho likimtiririka, na kila alipopata dinari aliipeleka kwa jini akapewa hati yenye muhuri. Na nia yake ilikuwa moja tu: mamake, Bi Jokha, ahiji kabla hajapofuka. Maana mtoto wa jicho alikwisha kulifunika jicho la kushoto la bibi huyo, na sasa alikuwa akilinyemelea la kulia, na tabibu alisema mwaka hautaisha kabla nuru haijazimika. Nauli ya msafara wa mahujaji, pamoja na ngamia na chakula, ilikuwa dinari arobaini. Na Raya alikuwa na hati arobaini.

Siku moja kabla ya msafara kuondoka, Raya alijitanda kanga yake mpya akaenda Nyumba ya Amana akikaribia kukimbia, na jini akamtolea mfuko. Akahesabu. Akahesabu tena.

"Ewe mlinzi wa amana," alisema kwa heshima, "niliweka dinari arobaini. Mbona hizi ni kumi na tisa?"

"Kumi na nane," jini akajibu, na kwa ukucha wake mrefu akachopoa dinari moja mfukoni. "Kuuliza kuna ada."

"Ada? Ada gani hiyo?"

"Kumi na saba."

Raya akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Na Shamhudi, kwa upole kabisa, kwani hakuwa na ubaya moyoni, akamkabidhi waraka mrefu uliofika sakafuni. Mlikuwa na ada ya kulinda, na ada ya kuilinda ile ada, na ada ya vumbi, na ada ya kutofika, kwa kuwa mwaka mmoja Raya aliugua homa akakaa nyumbani, na ada ya kufika mno, kwa kuwa mwaka uliofuata alifika kila mwezi. Naapa, hata shetani mwenyewe angeona haya kuuandika waraka ule!

Raya alirudi nyumbani na mfuko wake mwepesi. Majirani waliposikia wakamwambia aache, kwani wote walikuwa wamekatwa vivyo hivyo na wote walikuwa wamenyamaza, na nani ana ubavu wa kushindana na mwenye pembe tatu? Bi Jokha akampapasa binti yake usoni.

"Mwanangu, usijitie matatani kwa ajili yangu. Nimekuona wewe ukikua. Yanatosha niliyoyaona."

"Hayatoshi, mama!" Raya alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Fedha zangu nitazidai, na Makka utaiona."

Ilikuwa desturi ya Kashbari kwamba mtu aliyedhulumiwa akigonga upatu uliotundikwa kwenye lango la kasri, Sultani sharti aamke na kumsikiliza, hata kama yumo katikati ya ndoto tamu. Asubuhi yake Raya alikwenda na mwiko wake wa halua akaugonga upatu ule kwa nguvu zote, mpaka njiwa wote wa kasri wakaruka, na Sultani akatoka kilemba kikiwa upande.

"Ewe maulana, mwenye enzi na hadhi, Mungu akuzidishie umri," Raya alisema akipiga magoti, "nimekuja kudai dinari ishirini na tatu alizonikata Shamhudi, na ninakuomba uharakishe, kwani msafara wa mahujaji unafunga mizigo saa hii, na mama yangu hana mwaka mwingine wa kuona."

Sultani akaamuru waraka usomwe, na mwandishi wake, kijana aitwaye Ghalib bin Sinani, akausoma kwa sauti ya barazani. Alipofika kwenye ada ya kuilinda ile ada alijikaza asicheke, na alipofika kwenye ada ya kufika mno alishindwa. Lakini watu waliojaa uani hawakucheka. Kila mmoja alikuwa akiusikia waraka wake mwenyewe.

Mara moshi ukajaa baraza, na Shamhudi akatokea akainama mbele ya Sultani.

"Maulana, sikumwibia mtu. Kila ada niliitangaza kwanza, nikauliza kama mwenye mali anakubali. Binti huyu alinyamaza."

"Na kunyamaza ndiko kukubali?"

"Nimejifunza kwenu, maulana. Miaka mia tatu ninahudhuria harusi zenu, nimejificha darini. Bikira huulizwa kama amekubali kuolewa, naye hunyamaza, na papo hapo wanawake hupiga vigelegele na kusema amekubali. Nikajua hiyo ndiyo sheria ya wanadamu: anyamazaye amekubali."

Sultani akakuna ndevu, akamtazama kadhi, na kadhi akatazama zulia, maana jini alikuwa amesema desturi wanayoifuata wote. Na wakati huohuo, nje ya kuta za mji, ngoma ya msafara ikaanza kulia. Ngamia walikuwa wakiondoka! Raya alisikia kila pigo kifuani mwake, na machozi yakamlenga, lakini akasimama.

"Shamhudi, uliniuliza wapi?"

"Mlangoni pako."

"Kwa lugha gani?"

Jini akatazama kucha zake. "Ya kijini. Kwa sauti ya chini, nisikusumbue."

Watu wakaguna. Lakini Raya hakuwa amemaliza.

"Maulana, bibi harusi huulizwa na walii wake, ana kwa ana, kwa lugha ya mamake, na mashahidi wakisikia. Na jambo moja huyu hakuliona kutoka huko darini. Bibi harusi akinyamaza, hupewa mahari! Mimi nikinyamaza, ninanyang'anywa. Harusi gani hiyo, enyi watu, ambayo bibi harusi ndiye anayetozwa?"

Baraza likalipuka kwa kelele, na wanawake waliokuwa uani wakapiga vigelegele, na kadhi akainua kichwa akasema, "Wallahi amesema kweli." Sultani, ambaye usingizi ulikuwa umemtoka kabisa, akasimama na kutoa hukumu: ada ambayo mtu hakuambiwa akaelewa na hakuikubali kwa kinywa chake ni batili, na zote zirudishwe, za Raya na za mji mzima.

Na neno hilo lilipotamkwa, kiapo cha pete kikasikia. Vidole vya miguu vya Shamhudi vikaanza kuyeyuka kuwa moshi, na jini yule mkubwa akalia kwa hofu na aibu. "Sikujua! Nilidhani ni haki yangu!"

"Asirudi chupani kwanza!" Raya akapiga kelele. "Akirudi, nani atatulipa?" Kisha, alipomwona anavyolia, akaongeza kwa sauti ya chini, "Maulana, alikosea, hakuiba. Mimi mdai namsamehe, mradi arudishe."

Moshi ukatulia. Jini akapukuta mikono yake yote miwili, na dinari zikamwagika barazani kwa mlio wa kufurahisha, na Raya akaokota ishirini na tatu, wala hakugusa ya ishirini na nne. Lakini alipopanda ukutani na kutazama, msafara ulikuwa vumbi tu kwenye ukingo wa jangwa.

"Nimekuchelewesha mimi," Shamhudi akasema. "Niruhusu niwafikishe."

Basi Bi Jokha akaletwa kutoka nyumbani, akapandishwa kwenye bega moja na Raya kwenye jingine, na paa za Kashbari zikadidimia chini yao, na upepo ukavuma masikioni, na bibi yule akashika pembe ya jini akapaza sauti, "Weye! Safari hii ina ada?"

"Haina, bibi."

"Sema kwa nguvu, nisikie!"

"Haina ada!" jini akanguruma mpaka mawingu yakatawanyika.

"Haya. Lakini utushushe penye msafara. Sitaki kuhiji kwa bega la jini, mwanangu amenilipia ngamia."

Na mkuu wa msafara, alipoacha kutetemeka, akazihesabu dinari zake arobaini akampa Bi Jokha ngamia mpole kuliko wote, na Raya akambusu mamake mikono akarudishwa mjini.

Ghalib mwandishi, ambaye tangu siku ile ya barazani hakuacha kumtaja Raya, akapeleka posa, na Raya akaulizwa kwa lugha aijuayo, akajibu "Ndiyo" kwa sauti iliyosikika mpaka sokoni. Na Sultani akamfanya Raya msimamizi wa Nyumba ya Amana, kwa mshahara mnono, na tangu hapo kila ada ilitajwa mlangoni mchana kweupe, na asiyeikubali alichukua mali yake akaenda zake. Nanyi mnaosikia, mkikatwa msichokubali, ulizeni, na mkijibiwa vibaya, gongeni upatu.

Ama Bi Jokha, alirudi baada ya miezi minne, na mwaka haukwisha jicho la kulia nalo likafunga. Raya alilia sana, lakini mama hakulia. Alikaa kibarazani akiwa ameelekea kibla, uso wake umejaa nuru, na kila jirani alipomhurumia na kumuuliza kama kweli haoni kitu, alimjibu kwa furaha:

"Naiona. Mpaka sasa naiona."