Chai Iliyomwagika Juu ya Injini

"Atetemekaye bondeni, mngoje mlimani." Ndivyo alivyosema Fundi Mlowe asubuhi hii, nanyi mkaacha kucheka. Mlikuwa mnamcheka Anitha, binti huyu aliyekuja kujifunza ufundi, kwa sababu mteja alimuuliza gari lake lina nini, naye akababaika hadi spana ikamdondoka. Sasa mmejazana kwenye banda langu la chai mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Anitha, nawe kaa, usijifiche nyuma ya ndoo. Msidhani methali hii waliiacha wahenga. Ilizaliwa hapa hapa gerejini kwetu Makambako, na chai iliyoizaa niliipika mimi.

Zamani hizo gereji hii ilikuwa na desturi yake. Fundi akimaliza kuifunga upya injini iliyofumuliwa, aliiwasha na kuiacha ingurume polepole gari likiwa limesimama, hali ambayo ninyi mnaiita sailensa. Kisha niliitwa mimi. Nilileta glasi ya chai ya tangawizi iliyojaa hadi ukingoni, nikaiweka juu ya kifuniko cha injini. Chai isipomwagika, mwenye gari aliinywa mbele ya watu wote na kazi ikahesabiwa imekubalika. Ikimwagika, fundi alirudi kwenye injini yake, na wenzake walimsindikiza kwa maneno. Mnawajua mafundi kwa maneno.

Mume wangu, marehemu Fundi Mtewele, alikuwa bingwa wa glasi hiyo. Injini zake zilinguruma kwa utulivu hata wenye magari wakainama kusikiliza kama kweli zimewaka. Lakini uzee ulipombishia hodi, uliingilia mikononi. Akikaa na kuiweka mikono magotini, ilitetemeka. Wakati wa chai ndio ulikuwa mgumu kuliko yote, maana wote wamekaa na wote wanatazamana. Nilianza kumjazia glasi nusu, nikisingizia maziwa yamepungua. Watu waliona, wakanong'ona.

Jambo ambalo hawakuliona ni kwamba akishika spana, mikono ile ilitulia. Hakuna anayemtazama mtu aliyeinama ndani ya boneti. Mimi nililiona, lakini nani angemsikiliza muuza chai anayemsifu mumewe?

Wakati huohuo ndipo Mama Lwambano alipoleta pikapu yake. Mama huyu alikuwa mfanyabiashara wa viazi, akiendesha mwenyewe, na injini ya pikapu ilikuwa imekwisha kabisa. Mume wangu aliifumua yote. Karibu kila kitu kilipatikana madukani isipokuwa kamshafti, ule mhimili wenye matuta unaofungua na kufunga valvu. Ya zamani matuta yake yalikuwa yameliwa. Tukatafuta wee, hadi kaka yake Mama Lwambano aliyekuwa Iringa akatuma nyingine, iliyotolewa kwenye gari la aina ileile lililopinduka katika mashindano ya mbio za magari. Ilikuwa safi, haina mkwaruzo. Mume wangu aliiosha, akaifunga, akaniita na chai yangu.

Injini iliwaka mara moja. Lakini ilikuwa ikinguruma kwa kurukaruka, mara inashika, mara kama inataka kuzima, na pikapu nzima ikitikisika. Glasi ilicheza, ikasogea, ikaanguka. Mama Lwambano alirudi nyuma chai isimguse kitenge.

Mafundi hawakumtupa mwenzao, hilo niliseme kwa haki. Kila mmoja alitia mkono. Walibadilisha plagi, wakafungua kabureta na kuisafisha, wakamwagia maji ya sabuni kwenye maungio kutafuta mahali hewa inapojipenyeza, wakakaza raba zinazoishikilia injini. Nikaleta chai nyingine, ikamwagika. Ndipo Fundi Mlowe, huyu huyu mnayemwogopa leo, wakati huo kijana aliyekuwa ndiyo kwanza amechaguliwa mwenyekiti wa gereji, alipomshika mume wangu bega.

"Mzee wangu, umetufundisha wengi," alisema. "Sasa pumzika. Mikono ikitetemeka, na kazi yake itatetemeka."

Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko matusi. Jioni nyumbani mume wangu alizifuta spana zake moja moja, akazipanga kwenye sanduku, akaniambia kwamba kesho angeitazama injini ile mara ya mwisho. Akishindwa, sanduku nimpelekee Mlowe. Nililia, sioni haya kuwaambia. Mtu aliyeshika spana tangu ujana wake, ukimwondolea spana atabaki ameshika nini, zaidi ya mtetemo wake?

Kesho yake aliomba aachwe peke yake na pikapu, akaniruhusu mimi tu nisimame karibu. Aliiwasha, ikatikisika. Akaongeza mafuta kidogo, na mtikisiko ukapungua. Akaongeza zaidi, ukaisha kabisa, injini ikaimba. Akaizima, akachomoa plagi na kuzitazama. Zilikuwa zimeungua vizuri, rangi ya udongo mkavu, kama za injini yenye afya. Hapo nikamwona anakunja uso, na mikono yake imetulia tuli.

Akafungua kifuniko cha valvu, akanipa spana ndefu nimzungushie injini kwa mkono, polepole. Nikazungusha. Yeye akainama akitazama valvu zikishuka na kupanda. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Kisha akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia siku nyingi.

Aliwaita wenzake, akawaeleza. Matuta ya kamshafti ile ya gari la mbio yalikuwa marefu na mapana kuliko ya kawaida. Kabla valvu ya kutoa moshi haijafunga, ile ya kuingiza hewa ilikuwa tayari imefunguka, na zote mbili zinakaa wazi pamoja. Injini ikienda polepole, hewa na moshi vinakanyagana, ndiyo maana inatikisika. Ikikimbia, hewa inaingia kwa wingi na kwa haraka, na hapo ndipo ilipotengenezewa kufanya kazi.

"Huyu si mgonjwa," alisema. "Huyu ni mkimbiaji, nasi tumemkalisha kwenye kigoda tukamshangaa anavyotikisa miguu."

Mlowe alitikisa kichwa. "Mzee, kila kosa lina maelezo yake. Chai imemwagika."

"Imemwagika kwa sababu tumeipima injini mahali isipofanyia kazi."

"Basi tuipime wapi?"

Aliyejibu ni Mama Lwambano, aliyekuwa amefika kuulizia gari lake. "Mimi sibebi viazi gerejini," alisema. "Nabeba mlimani Litundu. Pakieni magunia."

Litundu ni ule mlima wa njia ya mashambani, ambako magari ya mizigo hupanda yakinung'unika na utingo akitembea nyuma na jiwe mkononi, tayari kuzuia gurudumu. Tulipakia viazi hadi springi zikalala. Mama Lwambano akashika usukani, mume wangu akakaa pembeni, mimi nikabanwa katikati na chupa yangu ya chai. Mlowe alipanda nyuma juu ya magunia, amekumbatia jiwe. Alisema ni wajibu wake kama mwenyekiti kuona mzigo ule hauwarudii watu.

Tulipoondoka bondeni pikapu ilitikisika hadi meno yangu yakagongana. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo. Mama Lwambano akapanga gia, akakanyaga mafuta, na mlima ukaanza. Hapo mtikisiko ukakoma. Injini ikashika sauti moja nzito, isiyoyumba, ikaupanda ule mlima. Tulilipita lori lililoegeshwa kando likipoza injini, utingo wake akatupungia mkono. Sikusikia hata mara moja Mlowe akiruka chini. Kileleni alishuka akiwa bado amelikumbatia jiwe lake.

Mama Lwambano hakuizima injini. Gari likiwa limesimama, injini ikaanza tena kutikisika. Mume wangu naye, kazi imekwisha, aliweka mikono magotini, nayo ikaanza. Mama Lwambano aliitazama boneti ikitikisika, akaitazama ile mikono. Kisha akachukua chupa kwangu, akaijaza glasi hadi ukingoni, si nusu kama nilivyozoea mimi, akampa. Nyingine ilimwagikia suruali ya mume wangu. Iliyobaki Mama Lwambano akaomba arudishiwe, akainywa yeye, mbele yetu wote.

"Kazi nimeikubali, baba," alisema. Kisha akamgeukia Mlowe na jiwe lake. "Nawe mwanangu, ujifunze kungoja. Atetemekaye bondeni, mngoje mlimani."

Mlowe aliliweka jiwe chini. Alimsogelea mume wangu, akasema, "Mzee, tukirudi naomba unionyeshe zile valvu."

Tangu siku hiyo chai ya gereji hainywewi kabla gari halijarudi kutoka mlimani na mzigo. Mume wangu aliendelea na kazi hadi alipochoka mwenyewe, na siku aliyoamua kupumzika alilibeba sanduku lake la spana, akampa Mlowe kwa mikono yake. Glasi yake nilikuwa nimeacha kuijaza nusu. Ikimwagika, nilifuta meza.

Basi, Anitha, inuka. Mteja bado yuko pale na boneti iko wazi, na Mlowe hajaligusa gari lile, anakungoja wewe. Spana ikidondoka, iokote. Nanyi mliocheka, bakini hapa na glasi zenu mtulie. Atetemekaye bondeni, mngoje mlimani.