Alama Arobaini na Moja za Somoe

Nilipokuwa mwenyekiti wa kamati ya tathmini katika halmashauri yetu, hakuna aliyenizidi akili. Habari hiyo niliisikia kutoka kwangu mwenyewe.

Tulitangaza zabuni ya mfumo wa kompyuta wa kusajili wagonjwa. Kampuni kubwa ya mjini niliipa alama tisini na nane. Somoe Likwata, mwenye ofisi ya chumba kimoja nyuma ya stendi, nilimpa arobaini na moja. Akaja kulalamika.

"Futa malalamiko yako," nikamwambia, "au utafungiwa kuomba zabuni miaka mitatu."

"Nitayafuta, mheshimiwa. Naomba tu uniandikie kwamba kotesheni yangu, yaani bei na maelezo niliyowaletea, mliisoma."

Nikaona ameshalainika. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kwamba tumeisoma neno kwa neno, nikasaini, nikagonga muhuri mara mbili.

"Kilichoniangusha ni nini?" akauliza.

"Ukurasa wa saba. Maelezo yako ya usalama ni dhaifu mno."

"Basi tuutazame pamoja, nijifunze."

Flashi aliyotuletea yenye kotesheni hiyo nikaichomeka kwenye kompyuta kwa madaha. Kompyuta ikadai neno la siri. Nikamgeukia.

"Ni sharti lako mwenyewe, mheshimiwa," alisema taratibu, akiikunja karatasi yangu. "Kila mzabuni aifunge kotesheni yake kwa neno la siri, na siku ya tathmini kamati impigie simu alitaje. Mimi simu yangu bado naisubiri."

Nikampigia palepale, naye amekaa mbele yangu.