Jeli ya Maganda ya Matanga

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango na majiko kama sisi, palikuwa na Digidigi mmoja aliyeitwa Mama Tunu. Wanangu, mnamjua digidigi? Ni mdogo kuliko swala wote, miguu yake kama vijiti vya mshikaki. Akitembea, ni ka! ka! ka! basi.

Mumewe, Baba Tunu, alijua kupika jeli ya mapera. Kila mwaka, kabla ya kiangazi, alijaza mitungi midogo ya kioo, wakala mpaka mvua irudi. Mwaka huo ghala lilikuwa limejaa mapera na maembe. Akasema, "Naongeza kikapu kimoja tu, ng'ambo ya mto."

Mto ukafurika kwa mvua ya milimani. Kesho yake ulirudisha kikapu. Yeye haukumrudisha.

Matanga yakawekwa. Majirani watatu wakaja: Nyati, Ngiri na Nyani. Siku ya kwanza walilia kweli. "Uuuwi! Baba Tunu!" Siku ya pili walilia kidogo, wakala sana. Siku ya tatu wakala tu.

Na desturi ya nchi ile ilikuwa hivi: mfiwa hamfukuzi mgeni wa matanga. Matanga huanuliwa wageni wenyewe wakisema.

"Mama Tunu, lete maembe mengine," alisema Nyani, akimenya kwa vidole. "Kulia kunakausha koo."

"Nisamehe, shemeji. Haya yaliyobaki ni ya mtoto, ya kiangazi. Ndiyo kwanza ameacha kunyonya."

"Alaa! Marehemu angekuwepo, angetunyima?"

"Angetuongezea," alisema Nyati. Kwacha! Kwacha! Kokwa ikaruka, puu!

Siku ya saba ghala lilikuwa tupu. Mama Tunu alimtazama mwanawe, akaona mbavu zake zinahesabika. Nje hakukuwa na majani mabichi tena. Kilichobaki uani kilikuwa chungu ya maganda, kokwa na mioyo ya mapera, na nzi juu yake.

Hapo akakumbuka maneno ya mumewe. "Nyama ya tunda ni ya mdomo, mke wangu. Nguvu ya jeli iko kwenye maganda na kokwa."

Akawaendea wageni, macho chini. "Shemeji zangu, naomba nizoe haya maganda."

"Kwa! kwa! kwa!" Nyani alicheka mpaka akashika tumbo. "Zoa, zoa! Mfiwa amekuwa kuku, jamani!"

Akazoa. Akaosha maji matatu, akaondoa yaliyooza. Akatia sufuriani, akamimina maji ya kufunika tu, akachochea moto. Bwata, bwata, bwata. Yalipolainika akayamwaga kwenye kanga kuukuu, akaifunga, akaitundika kwenye boriti, na bakuli chini yake.

To... to... to.

"Nikamue, mama?" aliuliza Tunu.

"Usikamue. Ukikamua inaingia ukungu, haiwi angavu. Baba yako alikuwa anaiacha itone yenyewe."

Akakaa akisikiliza yale matone. Hapo ndipo alipolia, bila mgeni wa kumwongoza kilio.

Asubuhi akatia yale maji jikoni na sukari guru iliyobaki, akakamulia ndimu. Yalipoanza kuwa mekundu, harufu ikatoka mlangoni, ikazunguka nyumba, ikaingia puani mwa Nyani.

"Mama Tunu!" Wote watatu walijaa mlango wa jikoni. "Kumbe unatuficha kitu!"

Mama Tunu akasimama mbele ya sufuria. Wakijua ni chakula, haitafika mchana. Na mtoto je? Hakuwa mtu wa maneno mengi, wala hakuwahi kusema uongo mbele za watu.

"Sifichi, shemeji. Nilikuwa naja kuwaita. Haya ni maji ya msiba, desturi ya ukoo wa marehemu. Hupikwa kwa mabaki ya wageni wa matanga. Kila ganda humu lina alama za meno ya mtu."

"Ya nini sasa?" aliuliza Ngiri.

"Maji haya yakibaki maji, msiba umekwisha. Yakishikana, msiba unatafuta nyumba nyingine. Atakayeonja wa kwanza, matanga yanayofuata ni kwake."

"Mh! Maji yashikane?" Nyati alikoroma. "Maji ni maji!"

Mama Tunu alichukua sahani baridi, akadondosha tone moja. Akangoja. Akalisukuma kwa ncha ya kwato, na lile tone likakunja uso kama paji la mzee. Akainamisha sahani. Halikumwagika. Likatetemeka tu, tete, tete, tete.

"Lahaula!" alisema Nyani.

"Karibuni," alisema Mama Tunu, akanyoosha kijiko. "Wageni kwanza. Aanze mkubwa."

"Mkubwa ni Nyati!"

"Mkubwa wa mwili tu! Kwa miaka ni wewe, Nyani!"

"Mimi? Mimi nilikuwa napita tu hapa! Aliyekula kuliko wote ni Ngiri!"

Ngiri? Alikuwa mbali kwenye njia, mkia umesimama wima.

"Matanga yameanuliwa!" Nyati alipiga kelele akiwa tayari nje. Bu! bu! bu! Na Nyani akamrukia mgongoni, wakapotea wote.

Mama Tunu akamimina jeli kwenye mitungi. Ikajaa mitungi minne. Akaungoja mmoja upoe, akauinua dhidi ya jua. Mwekundu, safi, hauna ukungu. Akachota kijiko.

"Tunu! Njoo ule, mwanangu."

Akasogeza mlango. Tunu alikuwa amejibanza nyuma yake, anatetemeka kama lile tone kwenye sahani.

"Sitaki, mama."

"Una njaa wewe."

"Nikionja, matanga yatakuja hapa tena. Na hapa tumebaki mimi na wewe tu."

Mama Tunu akapiga magoti. "Nilisema uongo, mwanangu. Niliwadanganya ili waondoke. Tazama." Akala jeli yote ya kijiko.

"Mama, usile!" Tunu alipiga yowe, akamng'ang'ania mguu. Hakumwachia. Wakakaa hivyo hivyo chini, mtoto akimkodolea macho, mpaka kivuli cha nyumba kikahama kutoka kwenye kinu kikafika kwenye kizingiti. Tunu akaweka sikio kifuani pa mama yake. Du, du, du.

"Kumbe ulikuwa uongo?"

"Uongo."

"Wote?"

"Wote, mwanangu."

Uso wa Tunu ukang'aa, mara ya kwanza tangu msiba. Akaruka, ka! ka! ka! mpaka mlangoni, akachungulia njia ya mtoni.

"Basi na la mto ni uongo! Baba anarudi lini?"

Neno "kesho" likamjia Mama Tunu ulimini, jepesi, kama yale mengine ya asubuhi. Akalimeza.

"La mto ni kweli, Tunu. Baba harudi."

Mtoto akalia. Akalia kilio alichokuwa hajakilia siku zote saba, kwa kuwa wakubwa walikuwa wameijaza nyumba kwa kelele zao. Mama yake akampakata, wala hakumnyamazisha. Akamwacha, kama ile kanga kwenye boriti, atone mwenyewe.

Alipochoka, akafungua mdomo. Mama Tunu akamlisha.

"Ni tamu," alisema Tunu, machozi bado mashavuni.

"Ndivyo alivyokuwa akiipika."

Wanangu, uongo unaomfukuza mkubwa mlangoni humchoma na mdogo aliye ndani.