Fahali Aliyelala Chini ya Mabati ya Jikoni

"Kukhu, wewe hujui dunia imefika wapi! Nchi bila ndege za vita itachezewa na kila mtu!"

Hivyo ndivyo mjukuu wangu Mulindi alivyonijibu juzi, mimi nachambua mboga, yeye na simu yake. Akanionyesha dude limechongoka mdomo, linapita juu ya mawingu kama limetukanwa. Nikamuuliza, hiyo moja inakula nini? Akacheka, akanitajia bei. Sikuielewa, nilielewa tu kwamba humo ndani kuna hospitali nyingi. Nikamuuliza, na imeshapigana na nani? Akasema, "Bado, Kukhu. Hiyo haipelekwi ovyo, ikianguka ni hasara kubwa. Halafu kuna nyingine inatengenezwa, hata rubani haitataka. Ikitoka, hii itakuwa ya kizamani."

Nikaweka kisu chini. Akina mama, mimi darasani sikuingia. Lakini ugomvi wa familia yetu, kuanzia wa wazee mpaka wa vitukuu, wote huletwa kwangu nikiwa bado sijanywa chai. Nikamwambia Mulindi, hebu kaa. Nikamwambia hivi ninavyowaambia nyinyi.

Ndugu wawili wa tumbo moja walijenga karibu, kijito kikipita kati ya boma zao. Watoto walivuka kuomba chumvi huku, wakarudi na viazi. Siku moja mdogo akachinja kuku, akaita watu. Mkubwa akaketi mbele, akanawa mikono, akangoja. Mnajua kwetu firigisi ni ya nani: ni ya mwanamume mkubwa. Sahani ikaja na shingo na bawa! Firigisi ilikuwa imeliwa na mtoto huko jikoni, mtoto ameiona, ameila, basi. Mkubwa alisimama, akavuka kijito, na hakurudi tena.

Kuna mtu hapa ataniambia vita haviwezi kuanza na firigisi?

Sasa dalali mmoja wa ng'ombe, mtu wa maneno laini, akapata habari. Akaja kwa mkubwa. "Mzee, ndugu yako anatafuta fahali wa kupigana. Anasema Jumamosi moja atakuaibisha kwenye uwanja wa mafahali mbele ya watu wote." Mkubwa hakuuliza mara mbili. Akatoa ng'ombe wake wawili wa kulima, akaletewa fahali mweusi anayeitwa Ngurumo. Dalali hata vumbi la viatu hajapangusa, akavuka kijito. "Umesikia kaka yako ameleta nini pale?" Mdogo naye akatoa ng'ombe wake wa kulima, akaletewa Tetemeko.

Aliyejua gharama ya Ngurumo ni mke wa huyo mkubwa, Mama Lihanda, kwa sababu ilipita shingoni mwake. Ngurumo hakula majani ya kila mtu. Alitaka nepia iliyokatwa mapema, alitaka molasi, machicha ya pombe ya busaa, na dawa za miti fulani za kumpandisha hasira, zinatoka mbali na mwenye kuzileta lazima alale na ale. Mama Lihanda akakata, akabeba, akakoroga. Ng'ombe wa maziwa akaenda sokoni ili molasi isikatike. Watoto wakaanza kunywa uji mweusi. Halafu siku moja akasikia vishindo juu ya jikoni lake, akatoka nje. Mume wake yuko juu, anang'oa mabati.

"Baba Lihanda, kwani unafanya nini huko?"

"Ngurumo asinyeshewe."

"Na mimi ninayepika?"

"Wewe unajua kusogea."

Akasogea, maskini. Alipika chini ya mwavuli, na fahali akalala pakavu.

Na dalali hakuchoka. Kila akipita: "Mzee, wako ni mzuri, sikatai. Lakini yule wa ng'ambo amekua! Halafu nasikia kuna aina nyingine inakuja, pembe zinaangalia mbele kabisa. Wako karibu atakuwa wa zamani." Akitoka hapo, anavuka, anaimba wimbo ule ule kwa mdogo. Na kila akiondoka, kuna kitu kimeondoka naye.

Mnadhani Ngurumo alipigana? Jumamosi ngoma za isukuti zikilia, vijana wanafika mlangoni na matawi, wanaruka, "Mtoe Ngurumo! Mtoe!" Mzee anachungulia. "Leo ana mafua." Jumamosi nyingine, kwato. Huko ng'ambo Tetemeko naye tumbo halikupona.

Mama Lihanda akashindwa kunyamaza. "Huyu mnyama halimi, hakamuliwi, na kupigana hapigani. Ni wa nini?"

"Akivunjika pembe je? Unajua tumemwaga nini pale?"

"Najua, mimi ndiye niliyebeba. Nauliza ni wa nini."

"Wa kuogopwa."

"Na nani?"

"Na yule wa ng'ambo."

"Na yule wa ng'ambo ni wa nini?"

Mzee akatafuta kofia yake, akatoka.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Mama Lihanda akasimama kwenye shamba lake, limekauka limekuwa kama sakafu. Mvua ikija kabla halijalimwa, hao watoto watakula nini mwaka mzima? Jembe la mkono angefika wapi nalo peke yake? Akazunguka kuomba ng'ombe wa kulimia. Kila boma jibu lilikuwa moja: "Nenda kwa dalali, yeye ndiye anayekodisha."

Akaenda. Shamba la dalali lilikuwa jeusi, limefunguka vizuri mpaka kule chini, na jozi mbili za ng'ombe zinavuta plau. Akasalimia kutoka kwenye ua. Aliposalimia, mmoja wa wale ng'ombe, mwekundu, mwenye sikio lililokatika, akasimama katikati ya mstari. Akapigwa, akakataa kwenda. Akageuza kichwa, akatoa ulimi. Alikuwa anatafuta chumvi kwenye kiganja cha Mama Lihanda, kama siku zote.

Alikuwa wake.

"Na wetu ni wale wawili wa nyuma," sauti ikasema. Akageuka. Ni Mama Khasandi, mke wa mdogo! Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya firigisi.

"Mama Khasandi, wewe umekuja kufanya nini hapa?"

"Kukodi ng'ombe wangu mwenyewe."

Wakatazamana. Wakacheka mpaka wakashika ua, na Mama Khasandi akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na mwenzake akampangusa kwa ncha ya leso.

"Plau yenu mliuza?" akauliza Mama Lihanda.

"Iko. Nira ndiyo ilienda."

"Nira yetu iko, kuku wanalalia. Na nyumbani nina fahali mmoja asiyefanya kazi."

"Na mimi nina mmoja."

Plau huvutwa na wangapi, akina mama?

Kesho yake wakawafungua. Wale mafahali wakakutana kijitoni, wakaunguruma, wakachimba chini, watu wakapanda miti. Wakagonganisha vichwa mara moja. Halafu wote wawili wakasimama wanahema, maana kwa molasi ile na kulala kule walikuwa wamenenepa kama maharusi. Wenyewe nao wakaja mbio, kila mmoja ameshika mkia wa fahali wake, anapiga kelele, "Pembe! Pembe yangu!" Wakainua macho. Ndugu kwa ndugu, wameshika mikia, magoti kwenye matope, na wake zao wamesimama mbele yao, mmoja na nira, mmoja na plau.

Mdogo ndiye aliyeanza. "Kaka, ile firigisi mtoto aliila."

"Mtoto?"

"Mtoto."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Kwa nini hukuuliza?"

Kuwafundisha wale mafahali kulima haikuwa kazi ya siku moja, msidanganyike. Walivunja nira, walikanyaga watu, na mistari ilipinda kama njia ya mlevi. Lakini mvua ilikuta mbegu ziko chini, huku na ng'ambo. Mabati yakarudi jikoni. Siku ya kumaliza, Mama Khasandi akachinja kuku, firigisi ikaja mbele ya mkubwa. Akaikata katikati, nusu akampa mtoto yule.

Wakiwa bado wanakula, dalali akaingia. "Wazee! Amefika wa aina mpya. Huyu hata mchungaji hataki, anajituma mwenyewe!"

Wale ndugu wakaanza kutazamana kwa pembeni, si mnawajua wanaume. Mama Lihanda akawahi. "Huyo mpya, shingo yake inaingia kwenye nira?"

Dalali akapewa shingo ya kuku, akala, akaenda.

Sasa sisi. Sisemi boma likae bila mbwa. Wezi wapo, na mambo ya wakubwa huko juu wanayajua wao. Ila hata wao ningewauliza swali la Mama Lihanda: ni wa nini? Na wewe uliyeketi hapo, usicheke wakubwa. Una shemeji hujavuka kwake tangu lini? Ile hasira unailisha nini kila asubuhi? Ni mabati ya nani yamefunika hasira yako, na ni nani ananyeshewa? Tunalisha kitu cha kutisha mtu ambaye naye analisha cha kututisha, na ng'ombe wetu wanalima shamba la mwingine! Mungu ametupa mvua, mama. Wa kuvuta plau wako, tena wameshiba.

Mulindi aliweka simu mfukoni, akanisaidia kuchambua mboga. Mimi nilifurahi, na mboga iliiva mapema.

Kwa hivyo ukitoka hapa leo usiende moja kwa moja nyumbani. Pitia kwa yule wa ng'ambo yako, umsimulie habari ya Ngurumo. Akishacheka, mwambie naye avuke ampelekee mwingine.